Asili na Maana ya -staarabu katika Kiswahili cha Unguja: Tahakiki Fupi

Kivumishi -staarabu kimezoeleka kuelezwa kwa mkato: kimetokana na Kiarabu, kwa hiyo anayekitumia anamtukuza Mwarabu. Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, alikwisha kulihusisha neno hili na hali ya kufanana na Mwarabu. Pouwels (1987) naye alionyesha kuwa ustaarabu ulishika nafasi ya uungwana kama kipimo cha heshima chini ya utawala wa Waomani katika karne ya 19. Hoja hizo za kihistoria zina uzito. Hitimisho linalojengwa juu yake ndilo lenye kasoro.

Kwanza, umbo. Kitenzi cha Kiarabu istaaraba kina maana ya kuwa Mwarabu au kujifanya Mwarabu, na kiunzi chake ndicho kilichozaa pia starehe. Hata hivyo, kwa maana ya maendeleo ya jamii, Kiarabu kwa kawaida hutumia hadhara na tamaddun. Maana iliyomo katika Kiswahili, basi, ilizaliwa pwani. Haikuja na jahazi.

Pili, matumizi. Mji Mkongwe, mtu mstaarabu ni mpole, mwenye kauli njema, anayejua kuishi na jirani. Nasaba yake haiulizwi. Lakini kitenzi hakijasahau. Kustaarabisha kunadai mtenda na mtendwa: yupo anayestaarabisha, na yupo anayehesabiwa kuwa hajastaarabika. Kivumishi kimejivua ukabila. Kitenzi kingali kimebeba ngazi.

Wanaopendekeza kurejea kwenye uungwana hawaliepuki tatizo hilo. Muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa. Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897, tofauti hiyo haikuwa ya tabia pekee, bali ya daraja katika jamii. Leo "waungwana" ni wito wa heshima kwa hadhira yoyote. Ikiwa neno hilo liliweza kuuvuka mpaka wake, hakuna sababu ya kiisimu ya kukinyima -staarabu fursa hiyo hiyo. Kinachostahili kuhojiwa si asili ya neno, bali ni nani, katika kila sentensi, anayepewa kazi ya kumstaarabisha mwenzake.