Heko, Mafundi wa Rochester

Wanakemia wa kampuni ya Kodak ya Rochester, Marekani, wanastahili pongezi kwa jinsi walivyounda chembe za filamu. Filamu ya picha hubeba utando wa jelatini wenye chembe za chumvi ya madini ya fedha. Ukubwa na umbo la chembe hizo huchangia kuamua kama picha itakuwa laini au yenye chengachenga. Gizani, nitrati ya fedha na bromidi humiminwa kwa mirija miwili ndani ya jelatini yenye joto. Kipimo husoma ayoni za fedha, na programu ya kompyuta hurekebisha mmiminiko papo hapo. Mmiminiko ukidhibitiwa vyema, chembe hukua bapa, nyembamba, nyingi zenye pembe sita. Mwaka 1982 chembe hizo bapa ziliingia katika filamu ya Kodacolor VR 1000, kisha katika filamu za T-Max mwaka 1986. Kompyuta ilipiga hesabu. Ubunifu ulikuwa wa wanakemia hao. Hongera zao!