Mzee Anayeelemea Vitunga

Katika soko la Bulambika, kitovu cha Bunyakiri huko Kivu Kusini, Kongo, kuna mzee asiyeuza kitunga kabla hajakielemea. Hukigeuza, akaweka goti kwenye kitako, akashusha uzito wake wote na kutega sikio. Kamba ya msituni iliyokaushwa kwa pupa hulia. Kitunga kikilia, hukiweka kando akakifumue. Kikinyamaza, ndipo humwuliza mnunuzi: "Mama, utabebea nini?"

Si swali la kupitisha wakati. Mihogo mibichi haikai kama maharagwe, wala kuni hazikai kama ndizi. Mama wa Kivu hubeba mgongoni, kamba ikizunguka kitunga na kupita kwenye paji la uso. Akifika kwenye mteremko wenye utelezi, hawezi kugeuka kutazama kama kitako kinashika. Saa hiyo anamtegemea mtu aliyebaki sokoni, ambaye pengine hatamwona tena. Kwa hiyo nasema uaminifu ni ufundi: husukwa mapema, tena na mtu ambaye hatakuwepo siku ya kuhitajiwa.

Wasusi walizoea kupata kamba zao msituni. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na kukata kamba ndani ya mipaka yake kukawa marufuku. Kisha zikaja vita za 1996 na 1998. Watu walikimbia na vitunga mgongoni, ndani mna sufuria, nguo na mbegu, yaani nyumba nzima.

Leo mfuko wa nailoni umeshika nafasi ya kitunga. Ni rahisi na mwepesi, lakini hakuna aliyeweka goti juu yake. Ukipasuka njiani, mihogo inatapakaa matopeni na hakuna wa kuulizwa. Pole pole tumeizoea hali hiyo hata kwenye mambo makubwa: tunajengewa vilalo ambavyo mjenzi mwenyewe asingethubutu kuvivuka na mzigo, na tunapewa ahadi zisizo na mwenyewe.

Wasusi wanazeeka, na vijana wengi wameelekea machimboni. Kinachopotea si kitunga peke yake, bali ile aibu njema ya fundi anayejua kwamba kazi yake ikikatika, jina lake litatajwa. Tuvinunue vitunga hivi tungali na mtu wa kumlaumu.