Jinsi Decius Alivyogonga Sarafu za Makaisari Miungu

Trajan Decius alipotwaa ukaisari wa Roma mwaka 249, mipaka ilikuwa moto na askari walitaka kulipwa. Muda si mrefu karakana zake zikatoa mkupuo wa sarafu za fedha zenye sura za makaisari 11 waliokufa na kutangazwa miungu, kuanzia Augustus hadi Severus Alexander. Wengi huusifu mkupuo huo kwa uchaji wake. Mimi naona kwanza ufundi, tena ufundi wa kibahili.

Tazama upande wa nyuma. Makaisari wote hao wanagawana picha mbili tu: tai, au madhabahu yenye moto. Maandishi ni neno moja, CONSECRATIO. Jina la marehemu halimo, kwa hiyo chapa iliyochongwa kwa ajili ya Trajan ingefaa pia nyuma ya Hadrian bila kugusa herufi hata moja. Kazi kubwa ya mchongaji ikabaki upande wa kichwa, na hapo hakulala: Nerva unamjua kwa pua yake ya kupinda kabla hujasoma DIVO NERVAE.

Kila kichwa kimevikwa taji la miale ya jua. Linawafaa miungu, ndiyo, lakini sokoni lilikuwa alama ya thamani. Sarafu yenye taji hilo, antoninianus, ilianzishwa na Caracalla mwaka 215. Inadhaniwa ilihesabiwa dinari mbili, ingawa fedha iliyomo haikufika ya dinari mbili. Augustus, aliyefariki mwaka 14, hakuwahi kuiona.

Utamu wenyewe uko hapa: baadhi ziligongwa juu ya dinari kuukuu. Ukiigeuzageuza moja kwenye mwanga, utaona mabaki ya herufi za zamani yakichungulia kando ya sura mpya. Hakuna kuyeyusha wala kusafisha madini. Nyundo ikishuka, dinari moja imekuwa mbili kwenye daftari la hazina.

Orodha nayo ina vituko. Commodus, ambaye Seneti ililaani kumbukumbu yake alipouawa mwaka 192, yumo, kwa kuwa Septimius Severus alimpa uungu baadaye. Claudius, mungu tangu mwaka 54, hayumo.

Decius huyohuyo aliwaamuru raia wote watoe sadaka kwa miungu. Mwaka 251 aliuawa vitani na Wagoth huko Abritus, yeye na mwanawe Herennius Etruscus.