Kuondoka Bila Kuaga: Mwanzo wa Safari ya Ng'ambo katika Fasihi ya Kiswahili na Ukimya wa Mara

Ikisiri

Habari za safari ni miongoni mwa tanzu za mwanzo za nathari ya Kiswahili iliyochapishwa. Makala haya yanachunguza kipengele kimoja cha utanzu huo, yaani namna safari ya ng'ambo inavyoanza. Yanadai kwamba matini tunazozifundisha zimefanya kuondoka kwa watu wa pwani kuwa kipimo cha kuondoka kwa wasemaji wote wa Kiswahili, na kwamba kipimo hicho kinawaacha nje wasafiri wa bara, hususani askari wa Tarime na Serengeti waliopelekwa Asia wakati wa Vita Kuu ya Pili.

1. Utangulizi

Kila habari ya safari hujibu swali moja kabla ya mengine: msafiri aliondokaje? Jibu lake hubeba mambo mengi. Humtambulisha anayeondoka, aliyempa ruhusa au amri, aliyebaki, na msikilizaji anayesimuliwa. Pamoja na hayo, wahakiki wengi huupita mwanzo huo haraka ili kufikia maajabu ya Ulaya: theluji, treni, majumba na wafalme. Makala haya yanabaki bandarini. Yanaanza na matini mbili zilizochapishwa, yanapitia msamiati wa kuondoka, kisha yanauliza msamiati huo unatufaa kiasi gani tunapomfikiria msafiri aliyetoka kando ya Mto Mara.

2. Nani aliondoka, na kwa nafsi ipi?

Mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli (1901), una habari ya Salim bin Abakari iitwayo "Safari yangu ya Urusi na ya Siberia". Salim alisafiri mwaka 1896 pamoja na Dkt. Bumiller, aliyekuwa mwajiri wake. Jambo linalopaswa kumshangaza mhakiki ni kwamba safari hiyo ndefu inaanzia Ujerumani. Msimulizi amekwisha kuwa ng'ambo tunapokutana naye. Kuondoka kwake Afrika Mashariki, ambako ndiko kungekuwa kuondoka kwa kweli, kumebaki nje ya matini. Sababu inaonekana katika mazingira ya uchapishaji: kitabu kilitolewa Göttingen, kikaambatana na toleo la Kijerumani. Msikilizaji wa kwanza alikuwa mtu wa nchi aliyofikia msafiri, na msikilizaji wa namna hiyo hana haja ya kujua nani alilia gatini.

Miongo mitatu baadaye hali inageuka. Mwaka 1931 Waafrika watatu wa Tanganyika walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza hoja ya kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Walikuwa Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamgira wa Bukoba na Martin Kayamba. Kayamba aliandika Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, kilichochapishwa na Sheldon Press mwaka 1932. Safari hii msomaji aliyekusudiwa yuko nyumbani.

Tulinganishe mada hizo mbili kisarufi. Salim anatumia kimilikishi cha nafsi ya kwanza umoja: safari ni yangu, ingawa aliyeipanga na kuilipia ni mwingine. Kayamba anatumia kiambishi tu- pamoja na -vyo- ya namna: hasemi tu kwamba waliona, bali anaahidi kueleza jinsi walivyoona na walivyofanya. Nafsi hiyo ya wingi ni nafsi ya ujumbe. Hata hivyo, wawili kati ya wajumbe hao watatu walitoka bara, mmoja katika nchi ya Wasukuma na mwingine ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, na aliyeshika kalamu alikuwa Kayamba, mtu wa Bondei aliyesomeshwa na misheni Unguja. Kwa hiyo watu wa Kanda ya Ziwa wamo katika fasihi ya safari ya Kiswahili tangu 1932, lakini wamo ndani ya tu- ya mtu mwingine. Huu ndio mwanzo wa tatizo ninalolijadili.

3. Msamiati wa kuondoka

Lugha yenyewe imechangia. Tunaposema mkutano au ligi imeng'oa nanga, tunatumia picha ya chombo hata mahali ambapo bahari iko mbali kwa mamia ya kilomita. Nahau ya kufunga safari hutukumbusha mzigo, na kwa hiyo msafara. Ughaibuni ni mahali pa ghaibu, yaani pa kutoonekana. Mamtoni, neno la vijana wa mijini, limerudisha ng'ambo ya bahari kwenye maji ya mto.

Neno ng'ambo linastahili uangalifu zaidi. Maana yake ya msingi ni upande wa pili wa maji, yawe mto, hori au bahari. Mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja uliitwa hivyo kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa hori lililoutenga na Mji Mkongwe. Maana ya nchi za mbali ni upanuzi tu wa hiyo ya kwanza. Mto Mara hutenganisha Tarime na Serengeti kabla ya kuingia ziwani. Kwa mkazi wa kingo zake, ng'ambo huonekana kwa macho: kuna mashamba, malisho na jamaa, na wakati mwingine mifugo iliyopotea. Mtu huyo akisikia kwamba kijana amekwenda ng'ambo, neno humtaka kwanza aulize ni ng'ambo ipi.

Kitenzi kuaga nacho kina ukoo unaofaa kuchunguzwa. Kamusi ya Johnson (1939) inaliweka shina hili pamoja na agana, agano na agiza. Kuagana huhitaji pande mbili zinazokubaliana, na ndiyo maana agano ni mkataba. Kuagiza, chenye kiambishi cha usababishi, kina upande mmoja wenye sauti. Shina moja limezaa ridhaa na amri. Tofauti hiyo inatupa kigezo cha uhakiki: katika matini fulani ya safari, msafiri ameaga au ameagizwa?

4. Ng'ambo ya Mto Mara

Wakurya na majirani zao waliingia kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, na mwelekeo wa vijana wa Tarime kutafuta ajira jeshini uliendelea baada ya uhuru, kama alivyoonesha Fleisher (2000) katika utafiti wake kuhusu wizi wa ng'ombe mpakani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, kisha Burma, ambako ilipigana katika bonde la Kabaw na kuufikia mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Hiyo ilikuwa safari ya ng'ambo iliyowachukua watu wengi kuliko safari zote zilizomo katika mkusanyo wa Velten.

Tuifikirie kwa njia yake. Kutoka Tarime au Mugumu kwenda baharini, njia iliyokuwapo ilipita Musoma, kisha ziwani kwa meli hadi Kisumu, kisha kwa reli iliyofika hapo mwaka 1901, hadi Mombasa. Askari alivuka ng'ambo kadhaa kabla ya kuiona bahari. Baada ya hapo hatari ilikuwa kubwa: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Watu wapatao 1,300 walikufa.

Kwa nini kuondoka huku hakumo katika vitabu vyetu? Jibu jepesi ni kwamba askari wengi hawakuwa waandishi. Jibu hilo halitoshi. Jeshi lilitumia Kiswahili kila siku, lilikuwa na magazeti yake, Askari na Heshima, na barua ziliandikwa au kuandikishwa kwa lugha hiyo. Jibu zito zaidi liko katika udhibiti wa barua. Jina la meli, bandari na siku ya kuondoka ni mambo ambayo askari hakuruhusiwa kuyataja. Mambo hayo matatu ndiyo hasa yanayoujenga mwanzo wa habari ya safari tangu Salim hadi Kayamba. Kwa hiyo fani yenyewe ya kuondoka ilipigwa marufuku. Askari aliagizwa, hakuaga. Na alipoandika, alianzia katikati.

Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert (1967) hauzibi pengo hilo, wala haukukusudiwa kulifanya. Unavitazama vita kwa upana wa dunia, kwa jicho la mshairi aliyebaki Tanganyika. Hadhi yake haipungui tukisema kwamba mlango wa nyumba moja ya Tarime, siku kijana anapotoka, hauonekani kutoka mahali aliposimama mshairi.

5. Pingamizi mbili

Inaweza kudaiwa kwamba pasipo matini hapana uhakiki. Nakubali kwamba mhakiki hawezi kubuni matini. Lakini uchunguzi wa Shetler (2007) kuhusu Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na majirani zao umeonesha kuwa kumbukumbu za jamii hizo hushikiliwa na majina ya mahali: chanzo, vituo, chemchemi, vilima na makazi yaliyoachwa. Masimulizi ya asili yao ni masimulizi ya safari. Umbo hilo la orodha ya vituo linafanana na habari za Velten, ambazo mara nyingi huonekana kavu kwa msomaji aliyezoea riwaya. Kumbe tunayo fani inayotambulika pande zote mbili, na iritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, imekuwa chombo cha kuimbia matukio ya watu. Kinachokosekana ni ukusanyaji wenye swali sahihi: si "ulifanya nini vitani?" bali "uliondokaje, na nani alijua?"

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Askari aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 angekuwa amepita miaka 100 leo. Tutakachopata ni kumbukumbu za wake, watoto na wajukuu, zilizochujwa na wakati. Ni kweli. Lakini hao ndio upande wa pili wa kuagana, ambao habari zilizochapishwa hazikuupa nafasi. Ushahidi wa aliyebaki si mbadala dhaifu wa ushahidi wa aliyekwenda. Ni nusu ya tendo, na kwa miaka mingi tumehakiki nusu nyingine peke yake.

6. Hitimisho

Mwanafunzi anayefundishwa Salim na Kayamba bila maelezo haya huondoka darasani akiamini kwamba wasafiri wa Kiswahili walikuwa watu wa pwani waliokwenda kutazama Ulaya. Matini hizo zibaki katika mitalaa, ila zisomwe pamoja na kile zilichokiacha nje. Kazi mbili zinafuata. Ya kwanza ni kuyasoma magazeti ya jeshi kama fasihi, tukitafuta mahali ambapo safari inaanzia katikati. Ya pili ni kukusanya, katika vijiji vya Tarime na Serengeti, kumbukumbu za waliobaki, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, pamoja na majina ya vituo vyote hadi Mombasa. Kazi ya kwanza inaweza kusubiri, kwa kuwa karatasi zimo maktabani. Ya pili haiwezi.