Filamu za Magharibi: Nani Mwenye Kauli?

Katika mijadala ya miaka ya karibuni juu ya filamu za nchi za Magharibi, imekuwa desturi kuhesabu sura: Waafrika wangapi wameonekana, wanawake wangapi, Waasia wangapi. Hesabu hiyo ina haki yake, kwa kuwa asiyeonekana ni rahisi kudharauliwa. Hata hivyo haitoshi. Kada hana budi kuuliza maswali matatu zaidi: Nani anatenda? Nani anasema? Nani anamiliki?

Tuchukue mfano wa Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyotolewa 1962. Jina lake ni la Kiswahili, na picha zake zilianza kupigwa nchini mwetu, sehemu za Arusha, mwishoni mwa 1960. Mwaka huohuo TANU ilipata viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi, na Uhuru ulikuwa mlangoni. Hayo hayamo katika hadithi. Kazi ya kukamata wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo ni ya John Wayne na wenzake wa Marekani na Ulaya. Waafrika wamo, tena si wachache: wanasaidia kazi, wanahudumia, na Waarusha wanampa mgeni wa kike jina la Mama Tembo. Ukihesabu sura, utaridhika. Ukitafuta Mwafrika mmoja anayeamua jambo, humpati. Mtazamaji anafundishwa kwamba nchi hii ni mbuga isiyo na wenyewe.

Fundisho hilo linakanushwa na wananchi wa Mgori, mkoani Singida. Msitu wao wa miombo una zaidi ya hekta 40,000. Badala ya kugeuzwa hifadhi ya Serikali, katika miaka ya 1990 ulikabidhiwa kwa vijiji vitano vinavyoupakana. Kila kijiji kilishika sehemu yake, kikatunga sheria ndogo na kuchagua walinzi miongoni mwa wakazi wake. Ushauri na msaada wa Sweden ulikuwapo, lakini waliokesha kwenye doria walikuwa wanakijiji wenyewe. Ndiyo maana kijana wa Mgori anayelipa kiingilio katika banda la video anauziwa uongo juu ya wazee wake.

Wapo watakaosema kwamba Black Panther ya 2018 imelijibu suala hili. Hatukatai kwamba ni hatua. Mwongozaji wake, Ryan Coogler, ni Mmarekani Mweusi. Waigizaji wake wakuu wengi ni Weusi, akiwamo Mkenya Lupita Nyong'o. Na Waafrika wake wanatenda na kubishana. Lakini Wakanda ni nchi ya kubuni ambamo kiti cha enzi hugombewa kwa mapigano, na umma hauulizwi kitu. Mkutano wa kijiji wa Mgori umeiacha mbali Wakanda kwa demokrasia. Tena mwenye mali ni Disney, kampuni ileile iliyosajili maneno yetu "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara ya nguo huko Marekani mwaka 2003. Sura zimebadilika, mmiliki ni yuleyule.

Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa 1968, ilitokana na uelewa huo: taifa lisilo na chombo chake litasimuliwa na wengine. Chombo hicho hakipo tena, lakini haja yake imebaki.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ni mbili. Kwanza, filamu inapoonyeshwa tawini au chuoni, maswali yale matatu yajadiliwe mara baada ya taa kuwashwa. Pili, halmashauri na vyuo viwape vijana wa vijijini kamera na mafunzo, ili kisa cha msitu wa Mgori kielezwe na waliozaliwa kando yake. Kudai nafasi katika hadithi za wengine ni haki. Kujenga uwezo wa kusimulia zetu ni wajibu.