Juu ya Neno "Haiwezekani"

Kiingereza kina maneno mawili ambayo wanafunzi wetu huyachanganya, na mara nyingine walimu pia. "Impossible" husemwa juu ya jambo lisiloweza kuwa kabisa. "Impracticable" husemwa juu ya jambo linaloweza kuwazwa, walakini kulitenda kwashindikana kwa vyombo, fedha au nafasi iliyopo. Zamani Waingereza walilitumia hata kwa barabara isiyopitika. Mfasiri wa Kiswahili aghalabu huyaweka yote mawili chini ya neno moja: haiwezekani. Twaona desturi hiyo ina hasara, wala hasara yake si ya sarufi tu.

Kamusi hazistahili lawama yote. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1939, iliyohaririwa chini ya Frederick Johnson, imewafaa walimu wengi. Lakini kazi ya kamusi ni kuweka neno kando ya neno. Haimwambii mwandishi ni kizuizi gani kilicho mbele yake. Hilo ni juu ya mwandishi mwenyewe.

Wala Kiswahili si maskini wa maneno. Tukisema hatuwezi, twataja watu: nguvu zetu ndizo zilizopungua. Tukisema hairuhusiwi, twataja amri. Tukisema ni muhali, twamaanisha kwamba jambo lenyewe halina njia. Na tukitwaa kitenzi cha kazi yenyewe na kukitia -ka mwishoni, twaonyesha kwamba kizuizi kimo katika kitu: njia haipitiki, mzigo haubebeki, shamba halilimiki. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Hawakusema haiwezekani kuyazoa. Katika neno lile moja twaona maji, mchanga, na mkono unaorudi mtupu. Haiwezekani nalo limeundwa kwa njia iliyo karibu na hiyo, ila limetoka katika kuweza tu. Halitaji kazi, halitaji kitu, wala halitaji mtu.

Jambo hili lawahusu sana walimu wa Mbulu na Hanang. Huko watoto wengi huanza kusema Kiiraqw au Kidatoga, na lugha hizo si za Kibantu. Kiiraqw nacho hugeuza vitenzi kwa viambishi vya mwishoni, kama Maarten Mous alivyoeleza katika sarufi yake ya mwaka 1993, lakini haifai kudhani kwamba kila kiambishi kina ndugu yake katika Kiswahili. Basi mtoto hushika analolisikia kwa mwalimu. Akisikia haiwezekani kila siku, ndilo atakaloliandika siku atakapokuwa karani, mganga au diwani.

Tutoe mfano wa huko huko. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na miti vikashuka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa, na barabara zikazibwa. Sasa tupime sentensi mbili ambazo mtu angeweza kuandika siku ile. Ya kwanza: "Haiwezekani kuwafikia watu." Ya pili: "Njia haipitiki kwa tope na mawe." Ya kwanza humfanya msomaji akae chini na kusikitika. Ya pili humwambia alete majembe na mitambo. Waliokufa hawarudishiki, na hapo neno muhali lina mahali pake; lakini tope lazoleka. Mwandishi akichanganya hayo mawili, amewafungia mlango walio hai kwa ufunguo wa wafu.

Hata hivyo -ka nayo ina hila yake, na yatupasa kuikiri. "Ardhi isiyotumika" ni ardhi gani? Ni ile isiyofaa kwa matumizi, au ile ambayo hakuna anayeitumia? Katika Hanang swali hili si la darasani. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano katika mashamba makubwa ya nyanda za Basotu, ambako Wabarabaig walikuwa wakilisha ng'ombe kwa kufuata majira. Malisho yanayopumzishwa mpaka mvua irudi, mgeni akiyapita wakati wa kiangazi, aweza kuyaita ardhi isiyotumika, na neno lake lisisikike kuwa uongo. Kwa hiyo -ka peke yake haitoshi. Yafaa kuongeza nani, lini, na kwa sababu gani.

Twapendekeza zoezi dogo. Mwanafunzi akiandika haiwezekani, mwalimu asilifute. Amwulize: Kizuizi kiko wapi, kwa watu, kwa kitu, kwa amri, au katika asili ya jambo? Kitadumu hata lini? Kisha aandike tena kwa kitenzi cha kazi yenyewe. Mara nyingi ataona kwamba jambo alilolizika lilikuwa likingoja daraja, au fedha, au kiangazi. Na pale ambapo kweli ni muhali, atakuwa amejifunza kulisema neno hilo kwa uzito wake, si kwa uvivu.