Kitambaa cha Nta Kimeingia Upanga, na Nailoni Yangu Haina Kazi Tena

Nimekipata Alhamisi jioni, leo ni Jumatatu, na tangu siku hiyo sijanyamaza. Dada yangu anasema nimezidi. Sijazidi! Chukua kitambaa cha pamba kilichonyweshwa nta ya nyuki, kiweke juu ya bakuli la maharage ya nazi, kibane ukingoni kwa viganja, hesabu mpaka kumi, kisha ondoa mikono. Kinabaki pale pale! Kimeshika mdomo wote wa bakuli kama kimeshonewa, bila mpira, bila kamba, bila nailoni. Usiku ule wa kwanza nimerudia mara nne jikoni kwangu hapa Upanga, na kila mara nimecheka peke yangu.

Paketi niliyonunua kwa mtengenezaji mdogo wa hapa mjini ina vitambaa vitatu: kidogo cha kufungia nusu kitunguu, cha kati cha kufunikia bakuli, na kikubwa cha mkate mzima. Ni kitenge cha bluu na rangi ya chungwa, kizuri kiasi kwamba nimekaribia kukitandika mezani. Ukikishika hakina ukavu wa kitenge cha dukani, wala hakiachi mafuta vidoleni. Kinanata kidogo, kwa adabu. Kinusie: asali kwa mbali, na nyuma yake kitu kinachokaribia ubani.

Hicho cha pili ni utomvu wa mti, na siri yote imejificha hapo. Nta peke yake kwenye kitambaa hukauka na kupasuka ukikunja. Mafundi batiki wanalijua hilo siku nyingi: ile mistari myembamba kama mishipa kwenye batiki ni mahali nta ilipopasuka, rangi ikapenya. Kwa hiyo nta huchanganywa na utomvu unaoleta kunata, na mafuta kidogo yanayoleta ulaini. Aliyeifikisha fikra hii sokoni kule Kanada mwaka 2008 ni Toni Desrosiers, na kampuni yake ya Abeego. Mwaka 2012 ikafuata Bee's Wrap ya Vermont, Marekani.

Sasa sikiliza kilichonisisimua kuliko vyote. Kitu hiki kimepata umaarufu kwenye nchi za baridi, ambako mtu anaambiwa akisugue kwanza viganjani kipate joto ndipo kikubali kukunjika. Dar es Salaam tunaruka hatua hiyo! Kwenye jiko langu la ghorofa ya tatu, saa nane mchana, kitambaa kinatoka kwenye droo kikiwa tayari laini. Kinakumbatia bakuli papo hapo, kisha nakiingiza kwenye friji, kinakakamaa, na umbo linabaki lilivyo. Joto la mji wetu linakitengeneza na baridi ya friji inakifunga. Na usiogope kwamba kitayeyuka: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, na hata Februari yetu haifiki huko. Pa kuogopa ni ndani ya gari lililoegeshwa juani na pembeni ya jiko linalowaka.

Majaribio? Nimeyafanya mengi. Nusu kitunguu: siku tatu kwenye friji, hakijanyauka, na maziwa jirani yake hayajanuka kitunguu. Parachichi: limebadilika rangi kidogo juu, lakini siku ya pili nimelila lote. Chapati zilizopoa: hapa nimesimama wima! Nailoni huzifanya zitoke jasho na kulowana. Kitambaa hiki kinapumua kidogo, na asubuhi chapati zilikuwa laini bila tone la maji. Bibi zetu walifunika chakula kwa kawa, lililopumua vizuri na kuzuia nzi, ila halikuzuia kukauka. Nailoni ikazuia kukauka, ikaua pumzi. Kitambaa cha nta kimesimama katikati ya hayo mawili, mahali ambapo chapati inapataka.

Jumamosi nimekipeleka Kariakoo. Muuza mboga mmoja alikuwa anauza boga la kukatwa, kila kipande kimeviringishwa nailoni. Nikamwomba kisichofungwa, nikatoa kitambaa changu kikubwa.

"Dada, hicho kina gundi?"

"Hapana kaka, ni nta ya nyuki."

Akakishika, akakinusa. "Nta? Basi sisimizi watakuja."

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa! Nikarudi nyumbani nikalijibu kwa vitendo: nimekiacha kitambaa kitupu mezani usiku kucha, kwenye jiko ambalo sisimizi hawajawahi kukosa mwaliko. Asubuhi hakukuwa na hata mmoja. Nta iliyosafishwa haina sukari ya kuwaita. Usiku mmoja si mwaka, lakini nitamrudishia kaka yule habari hii mwenyewe.

Nikazunguka Mtaa wa Kongo kwenye maduka ya vitenge, kwa sababu nimeshaamua kutengeneza vyangu. Tahadhari mbili kwa atakayenifuata. Ya kwanza: vitenge vingi vya bei poa ni poliesta. Chomoa uzi mmoja, uwashe. Pamba huungua ikabaki majivu na harufu ya karatasi. Poliesta huyeyuka ikaganda kishanga kigumu. Unataka pamba, ambayo ikichakaa kabisa inaoza ardhini. Ya pili: mshumaa wa dukani kwa kawaida ni parafini, zao la petroli. Nta halisi ina rangi ya manjano na hunukia asali.

Na nta halisi tunayo! Tabora, Katavi, Kigoma, Singida: huko mizinga ya magogo na magome hutundikwa kwenye miti ya miombo, na nta ya huko imesafirishwa Ulaya tangu enzi za Wajerumani, waliofikisha reli Tabora mwaka 1912. Kila kilo moja ya nta inakadiriwa kuwagharimu nyuki kilo 6 hadi 8 za asali kuitengeneza. Utomvu nao? Misonobari ya Sao Hill, Mufindi, inagemwa siku hizi. Pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga. Karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa tulichokiita merikani, wakaondoka na sandarusi, utomvu wa pwani yetu, wakaufanya vanishi. Kitambaa kikiingia, utomvu ukitoka! Leo nimeshika vyote kwenye kiganja kimoja, na vyote vinaweza kutoka hapa nyumbani.

Kuna mipaka, na naisema wazi kwa sababu nataka ukipende kwa muda mrefu. Usifungie nyama mbichi wala samaki wa Feri: hakioshwi kwa maji ya moto, na bila maji ya moto damu mbichi haisafishiki salama. Usikiweke juu ya wali unaofuka moshi, wala ndani ya mikrowevu. Kioshe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, kisha kianike kivulini. Umeme ukikatika friji ikapata joto, kitalegea na utakibana upya. Kikitunzwa hukadiriwa kudumu kama mwaka, na nta ikipungua unaongeza nyingine kwa pasi, kitambaa kikiwa katikati ya karatasi mbili za kuokea.

Mwaka mzima! Linganisha na nailoni inayoishi jioni moja. Tarehe 1 Juni 2019 tuliagana na mifuko ya plastiki ya rambo ilipopigwa marufuku, na watu waliosema haiwezekani leo wanabeba vikapu vyao sokoni bila kuwaza. Lakini katazo lile lilihusu mifuko ya kubebea, na nailoni ya roli ikabaki kwenye droo zetu. Masika yakija, mitaro ya upande wa Jangwani ndiyo inayotuonyesha inakoishia. Kuiondoa nailoni hii iliyobaki hakuhitaji kusubiri kanuni. Kunahitaji kitambaa kimoja.

Jana nimempelekea jirani yangu wa ghorofa ya chini bakuli la kunde, limefunikwa kitambaa cha kati. Ni mama mtu mzima, mpishi hodari, hasifii kitu ovyo. "Shikamoo mama, onja, na huu mfuniko uuangalie." Akaniitikia marahaba, akabonyeza ukingo kwa kidole gumba, akaachia, akabonyeza tena. Hakusema neno. Leo asubuhi bakuli limerudi, na kama ilivyo desturi yetu halikurudi tupu: limejaa bajia. Kitambaa hakijarudi.

Nakwenda Mtaa wa Kongo kununua pamba nyingine.